Kikombe cha Ndiaye

Kijiwe chetu hapa Thiès kiko mbele ya lango la hospitali, na kwa siku kumi na moja benchi lilikuwa na pengo. Mwenzetu Birane Ndiaye, fundi cherehani, alilazwa humo ndani, nimonia imembana, mpira kooni, mashine ikimpumulia. Kila asubuhi Mama Soukeyna, muuza kahawa wetu, alimmiminia kahawa yake kama kawaida na kuiweka pale pengoni. Baadaye kikombe kilikutwa kitupu, na hakuna aliyeuliza. Siku ya kumi na moja madaktari walikuwa wanajaribu kumwachisha mashine. Mimi nilifika hata uso sijanawa.

— Hawamwachishi leo, alisema Redio, mwenye habari zote za mji. Pumzi ya umeme tamu bwana, ukiizoea basi.

— Wameipunguza kidogo kidogo tangu juzi, nikamwambia. Leo nusu saa apumue mwenyewe.

— Kidogo kidogo ya nini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Chomoa mpira, mapafu yakalime!

— Na makohozi yatolewe na jembe? akadakia Mama Soukeyna. Nesi kasema asipokohoa kwa nguvu, mpira hautoki.

— Hapo ndipo nilipoingia mimi, akajitutumua Diop, mtani wake wa ukoo. Jana nilimwinamia sikioni: "We Ndiaye, mtumwa wetu, hata pumzi umeazima?" Alikohoa mpaka mashine ikapiga kelele!

— Nesi akakutimua, nikamkumbusha.

— Kanitimua, lakini anacheka.

Redio akashusha sauti.

— Nasikia akirudi nyumbani itabidi achomekwe ukutani. Sasa umeme ukikatika...

— Redio, kunywa kahawa! akafoka Mama Soukeyna.

Diop hakucheka. Yeye na Ndiaye wametukanana miaka thelathini.

— Huyu akiniachia benchi, akasema, nitamtukana nani mimi?

Akanyoosha mkono pengoni, akachukua kikombe, akapiga funda kubwa. Nesi akatokea langoni.

— Watu wa Ndiaye ni nyinyi?

Tulisimama wote.

— Mpira umetoka. Anapumua mwenyewe. Bado tunamwangalia kwa karibu, na sauti inakwaruza, ila kaniagiza niwaulize kitu.

— Kitu gani, mwanangu? akauliza Mama Soukeyna, machozi yanamtoka.

— Kahawa yake siku zote hizi anainywa nani?

Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari. Mimi nilitazama viatu vyangu. Diop alikuwa bado hajameza.