Shamba la Spana Limelala na Njaa

Mbele ya gereji ya Spana kuna benchi la mbao, mguu wake mmoja umeungwa kwa bomba la ekzosi. Muuza kahawa huweka birika lake pembeni, na kila anayemaliza humwaga machicha nyuma, ukutani. Siku hiyo Spana alikuwa amenuna. Mnunuzi wa shamba aliloachiwa na marehemu mama yake, kule jangwa linakoanzia, alikuwa njiani. Nilimwonea huruma, sitaficha.

— Nimelimwagia maji msimu mzima, alisema Spana. Siku za kwanza likanukia vizuri, halafu kimya. Udongo umekufa ule. Nauza.

— Haujafa! alidakia Kipaza, ambaye hajanong'ona tangu azaliwe. Mpwa wangu anasomea udongo. Kafunika mchanga wa jangwani kwa kopo, kaunyunyizia maji, kifaa chake kikaonyesha unapumua!

— Kwa pua ipi? aliuliza Spana.

— Vijidudu, ndugu yangu! Havionekani kwa macho. Vimekauka miaka, vikipata tone tu, haooo, kazini! Ile harufu ya mvua ya kwanza, ni vyenyewe.

Hapo nilivua kofia. Mimi nikikosa chai asubuhi moja tu, siamki.

— Vinajipaka manukato, alisema Nusu Kikombe, mzee anayenunua nusu na kunywa viwili. Vinaposa mvua! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Methali hiyo hapo haiingii, mzee, nilimwambia.

— Igonge nyundo.

Spana hakucheka.

— Sasa mbona vyangu viliamka vikalala tena?

— Mpwa wangu anasema vinakula kilichopo, kikiisha vinajikunja. Alipoongeza samadi na majani makavu, kopo likapumua siku nyingi.

— Basi vyako vimegoma! Nusu Kikombe alisimama. Vina chama, vina mwenyekiti! Hata mchanga ukihama na upepo, ni vyenyewe vinatafuta chakula.

— Na ile milima ya mchanga? aliuliza Kipaza.

— Foleni!

Tulicheka mpaka benchi likalia. Jamani, viumbe vile nilivipenda kama majirani.

Kumbe dada yake Spana, aliyekuja kutia saini mauzo, alishafika. Alikuwa anatazama pale tunapomwaga machicha. Gereji nzima ni vumbi, ila pale ukutani majani yameota, mabichi kabisa.

— Mdogo wangu, alisema, wakati wa mama kunde zilikuwa zinaota kule. Maji umepeleka, sawa. Chakula ulipeleka nini?

Simu ya Spana ikaanza kuita, mnunuzi huyo. Iliita mpaka ikakatika.

— Kahawa imeisha, alisema muuzaji, akiinua birika amwage machicha.

— Usimwage, alisema Spana, akaingia gereji kutafuta ndoo.