Dawa Iliyofungiwa Kabatini

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome, ila sentensi moja nimeikata kwa kalamu, ile inayosema mdogo wangu aliugua kwa muda mfupi, kwa sababu si kweli.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne na kitinda mimba wa wazazi wetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alihitimu fani ya majokofu mwaka 1998. Mwaka uliofuata alifungua karakana ya chumba kimoja nyuma ya soko, na mkono wake ulikuwa kipimo tosha, maana akigusa chupa iliyotoka kwenye friji anakwambia ndani kuna nyuzi ngapi, na hakuwa akikosea.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na mkewe mpenzi, muuza maziwa, ambaye friji lake liliharibika mara tatu katika mwezi mmoja, na sisi ndugu hatukuuliza maswali, tukaanza tu kujiandaa kwa harusi. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2010 na wa kiume mwaka 2014.

Februari 2023 alianza kuumwa paja la kushoto, akaambiwa amejitegua kwa kubeba majokofu, akala vidonge vya maumivu miezi mitano, hadi picha ilipopigwa Julai ikaonyesha saratani ya mfupa. Tarehe 9 Oktoba mguu ulikatwa, na ugonjwa ulipoibukia mapafuni daktari wake alimwombea dawa ya kingamwili, akatueleza kwamba dawa hiyo huuonyesha mwili adui alipojificha ili askari wa mwili wenyewe wamshughulikie, akasema pia, bila kutudanganya, kwamba haimfai kila mtu, ila ndiyo iliyobaki.

Dawa ilifika hospitali tarehe 11 Juni 2024. Ilipaswa kukaa kwenye baridi, kati ya nyuzi mbili na nane, na boksi liliandikwa hivyo pande zote, lakini friji la stoo halikuwa na kufuli, basi mtunza stoo, kwa kuhofia wezi, akaifungia kwenye kabati la chuma pamoja na mihuri, akakaa na ufunguo mfukoni siku nane. Ilipoletwa kitandani, mdogo wangu aliligusa boksi, akaomba kipimajoto, nacho kikasoma ishirini na tisa. Aliirudisha mwenyewe. Mtunza stoo alijitetea kwamba dawa ile aliitunza kuliko zote, na hilo ndilo linalonichoma, kwa sababu ni kweli.

Maombi mapya yalitaka sahihi sita, nazo zilichukua zaidi ya miezi mitatu, huyu yuko likizo, yule yuko semina, mwingine muhuri wake umo kabatini na mwenye ufunguo hayupo. Wakubwa wakiwa wanazungushana, mgonjwa mwenyewe, kwa magongo, alikwenda stoo akalitia friji lile komeo na kufuli.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2024, saa nne asubuhi. Dawa yake imefika juzi, tarehe 5.

Tunamshukuru daktari wake, wauguzi wa wodi, majirani waliowapikia watoto, na mafundi wenzake waliomalizia kazi za wateja wake. Mtunza stoo, nimekuona pale nyuma, asante kwa kuja, bado sijakusamehe. Wifi yangu ameridhia dawa ile apewe mwalimu wa chekechea aliyelazwa kitanda cha pili, mwenye ugonjwa huohuo, na jana nilikwenda stoo mwenyewe, nikafunguliwa friji, nikasoma kipimo kwa macho yangu: nyuzi nne.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Friji lako linashika baridi.