Jina la Jairo kwenye Kitabu cha Mahudhurio

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda chetu cha chai. Ndugu Meneja na wakuu wa idara. Viongozi wetu wa dini. Wakulima mliotoka Kisondela na Masukulu. Mabibi na mabwana.

KARIBU TUKUYU

Tunakukaribisha kwa heshima zote, na utuwie radhi kwa mvua. Umekuja kukata utepe wa ukumbi mpya wa vikao, wenye viti mia moja na ishirini. Ni ukumbi mzuri, na rangi tumeupaka sisi wenyewe.

Mezani kwako lipo jalada la bluu lenye risala iliyopitiwa na ofisi. Hii tunayoisoma haikupitiwa na ofisi. Tunajua Ndugu Meneja atataka kusimama aizuie. Tunamwomba akae, kama sisi tulivyokaa miaka mitatu.

HISTORIA YA KIKAO CHA ASUBUHI

Kikao kilianza kama jambo dogo la nusu saa, saa moja na nusu asubuhi, watu wapeane habari za kazi. Mwezi wa pili kikafika saa nzima. Baadaye kikawa kinatoka saa nne, siku nyingine saa tano kasoro. Tunasoma muhtasari wa jana, tunajadili yatokanayo na jana, tunapanga ya kujadili kesho. Siku tatu mfululizo tulijadili nani aliacha ndoo mlangoni. Asiyekuwepo kikaoni huandikwa kuwa hakufika kazini siku hiyo, hata kama jasho linamtiririka kwenye mashine.

Lakini majani ya chai hayajui kikao, mheshimiwa. Yaliyolala usiku kwenye vitanda vya kunyaushia lazima yaingie kwenye mashine ya kukatia asubuhi ile ile, la sivyo yanapata joto, yananuka, na idara inaandikiwa barua ya kujieleza. Tukienda kikaoni tuna kosa, tukibaki kazini tuna kosa.

MAFANIKIO

Mwaka jana idara yetu ilipewa cheti cha mahudhurio bora. Tulikipokea kwa makofi, tukapiga na picha. Cheti kile ni cha uongo.

Tulikuwa tunasainiana. Kila asubuhi mmoja wetu alibaki kulisha mashine, na mwenzake akamwandikia jina kwenye kitabu cha mahudhurio. Tulifanya kwa zamu, kwa upendo, tukajiona wajanja. Majani hayakuharibika, kitabu kilijaa, Meneja alifurahi. Hatuna mafanikio mengine ya kukusomea.

CHANGAMOTO

Mashine ya kukatia ni ya watu wawili: mmoja analisha, mwingine anasimama kwenye swichi. Jairo alikuwa mlishaji. Mtu wake wa swichi alikuwa Tusekile, mama wa watoto wanne anayewalea peke yake, na tunaomba umsikie yeye zaidi kuliko sisi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya Jairo kubaki. Tusekile hakutaka kumwacha. Walisimama mlangoni wakivutana.

"Kaka Jairo, leo tuache tu. Yakinuka na yanuke."

"Juzi tumekula barua, dada. Nenda. Nitalisha kidogo kidogo. Ukinisainia, usiandike mbio mbio, mwandiko wangu una mkia."

Tusekile akacheka, akaenda. Akaliandika jina la Jairo taratibu, akalitia na ule mkia. Anasema aliona raha kidogo kwa jinsi alivyopatia, na raha hiyo ndiyo inayomnyima usingizi mpaka leo.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Saa tatu hivi, katikati ya yatokanayo, Tusekile alisikia sauti. Hakuwa na hakika. Mashine ile hupiga kelele za kila namna, na alizifahamu zote, ila hiyo hakuifahamu. Akasimama.

"Meneja, samahani, naomba nitoke."

"Ajenda haijaisha, mama. Keti."

Akaketi. Mheshimiwa, tulikuwa watu arobaini na mmoja mle ndani. Wengine tuliisikia sauti ile, na tulimwona mwenzetu anavyogeukia mlango. Tukatazama chini. Akasimama mara ya pili, akaambiwa anavuruga kikao na jina lake litaingia kwenye muhtasari. Mara ya tatu hakuomba. Alipofika, mkono wa kulia wa Jairo ulikuwa umeshaingia mpaka juu ya kiwiko, na mashine bado inazunguka. Swichi ilikuwa hatua nne kutoka pale alipokuwa amenaswa. Ni Tusekile aliyeizima.

Hospitali wakaukata mkono.

Kamati ya uchunguzi ilifungua kitabu. Kitabu kilisema Jairo yuko kikaoni. Basi wakaandika kwamba alitoroka kikao, akaenda kuichezea mashine bila kutumwa, na kwamba ajali yake si ajali ya kazini. Wakamwachisha kazi akiwa bado kitandani, na fomu zake za fidia hazikujazwa. Kabla ya kufunga shauri, walikuwa wamemuuliza swali moja tu: hii saini ni yako?

Angesema si yake, angepona yeye na Tusekile angefukuzwa. Jairo akasema, "Yangu."

Sasa yuko kwao Masukulu, anajifunza kukata ndizi kwa mkono wa kushoto. Mkewe Beatrice anamfunga vifungo vya shati. Tusekile alimfuata kumwomba radhi. Jairo alimwambia, "Wewe lea watoto, dada. Mimi nimeshaumia, tusiumie wawili." Tusekile alirudi Tukuyu kwa miguu, hakutaka kupanda bodaboda, kwa kuwa alikuwa analia.

Wiki nane tulinyamaza. Habari yako ya kuja ilipofika, tulikutana chumba cha bwela, lile tanuri la mvuke, kuulizana kama tuseme. Kheri, fundi wetu, alisema wazi: "Tukisema hili, tumejifukuza wenyewe. Saini za uongo ni zetu, si za Meneja." Alisema kweli. Ndipo Mzee Yohane, anayechochea kuni za bwela tangu wengine hatujazaliwa, akasema, "Mwe bandu, enyi watu, mkono wa mtu umekwenda, nanyi mnaogopa kalamu?"

Tusekile alikuwa amekaa pembeni. Tulimwambia tutaandika bila kumtaja. Akakataa. "Niandikeni jina langu lote. Nimechoka kuandika la mwenzangu."

MAOMBI

Tunaomba wanaoshika mashine wasiitwe kikaoni mashine ikiwa na kazi.

Tunaomba shauri la Jairo lifunguliwe upya, iandikwe kwamba aliumia akiwa kazini, mahali pake, akifanya kazi ya watu wawili.

Tunaomba adhabu ya kusainiana tugawiwe sisi sote. Hatuombi msamaha. Tunaogopa, mheshimiwa, tusikudanganye. Wengi wetu hatuna shamba la kurudia.

Tunaomba pia, kabla hujakata utepe, kitabu cha mahudhurio cha mwezi wa tatu kiletwe hapa mezani na kifunguliwe kwenye ile Alhamisi.

HITIMISHO

Mheshimiwa, huenda utaambiwa baadaye kwamba haya ni maneno ya wachochezi na hayana ushahidi. Anayekusomea risala hii ndiye Tusekile. Akimaliza kusoma, atachukua kalamu, na mbele ya macho yako na ya Ndugu Meneja ataliandika jina la Jairo kwenye karatasi hii, taratibu, na mkia wake. Tunakuomba uliweke kando ya lile la kitabuni, uyatazame yote mawili, kisha uamue.

Mungu akupe macho ya kutazama hadi mwisho, na akurejeshe salama kwa wanao.

Ni sisi, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, Idara ya Kukata na Kukausha Majani, watu arobaini na mmoja.