Mchumba Anayeandika Vitabu vya Kutisha

Ndani ya haisi ya abiria iendayo Segese, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimwambia muuza dagaa aliyekaa naye kwamba anakwenda kumkataa mchumba wa bintiye Generoza.

"Huyo Edson anaandika vitabu vya maiti zinazoingia majikoni! Mtu kama huyo anapiga soga na nani?"

"Na bibi zetu," akajibu muuza dagaa, kumbe jirani yake Edson. "Akiacha kalamu anakaa nao chini, anakata viazi vitamu vya kuanika, vya michembe. Vyembamba hivyo, jua moja vimekauka! Na anavyotuchekesha, mama, tunajikata vidole."

"Mwanaume, michembe?"

"Na kwaya anaimba."

Mama akaanza kutabasamu. Tabasamu hilo sikulipenda hata kidogo.

Haisi iliposimama, nikamshika mkono. "Mama Generoza, ukishamkataa Edson nielekeze kwake. Nina mjukuu wa kike."

Akashuka mbio, hata kuaga hakuaga.