Bi. Honorata na Nusu ya Jino la Kaburi la 17

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Bi. Honorata Kokugonza anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Alianza katika maabara yetu hapa Gaithersburg, ughaibuni, akiosha vyombo vya kioo. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa DNA ya kale, na hakuna jino la marehemu lililoingia humu bila kupita mikononi mwake.

Mzaliwa huyu wa Bukoba anaishi Landover, na kila siku amekuwa akifika kabla ya saa moja asubuhi, barabara kuu ya I-270 iwe na foleni isiwe nayo. Kwenye chumba cha chai hanyamazi. Akishavaa suti nyeupe, barakoa na glovu jozi mbili, huwa bubu saa nne nzima, na ole wako umsemeshe.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni mradi wa Walangobardi, watu wa jamii ya Kigermanik walioingia Italia zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Tulipewa meno kutoka makaburi arobaini na moja, tutafute ile DNA ambayo mtu huirithi kwa mama pekee, ili tujue akina mama wa watu wale walitoka wapi. Honorata alikuwa na desturi yake: kila jino alilikata katikati, akasaga nusu moja, nyingine akaifungia kabatini. Tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Kaburi la 17 likatushtua. Mwanamke aliyezikwa na bruchi za fedha, yaani vibanio vya nguo, alionekana kuwa na ukoo wa mama wa Afrika Mashariki! Mkurugenzi wetu, Dkt. Audrey, akaanza kuwaandikia wenzetu wa Italia. Sisi tuliotoka huko nyumbani Afrika Mashariki tulitembea vifua mbele. Honorata peke yake hakufurahi. Ubavuni mwa mwanamke yule alizikwa mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, na DNA ya mtoto ilipolinganishwa na jibu lile, ilionekana si mwanawe. Akafungua kumbukumbu za DNA za wafanyakazi, zinazowekwa ili kumjua aliyechafua sampuli, akalinganisha. Ukoo ule ulikuwa wa mama yangu, Chelagat, wa Kapsabet, ambaye hajawahi kukanyaga Italia. Mimi, Mutai, ndimi niliyeshusha barakoa nipige chafya nisije nikaichafua, na mate yangu yakaangukia unga wa jino.

Nilijua kazi nimeshaipoteza. Honorata alinitetea kwa mkurugenzi, kisha akanitupia glovu: "Mutai, mwanangu, rudi ndani. Tuna-repeat, na leo usiongee."

Tukaisaga ile nusu ya pili. Wiki tisa nilikula bila hamu. Kisha jibu likaja: mwanamke na mtoto ni wa ukoo mmoja wa mama, na vipimo vingine vikathibitisha kuwa ni mtu na bintiye. Nilipiga kelele hadi walinzi wakaja. Honorata alilia ndani ya barakoa, jambo ambalo sisi wengine ametukataza.

Mama Honorata, tunakutakia afya, furaha na asubuhi nyingi za kulala utakavyo. Maabara nzima inakushukuru kwa miaka yote hii. Nami nakushukuru kwa niaba ya mtoto wa miaka mitatu niliyemnyang'anya mama yake, nawe ukamrudishia.