Mama Emerensiana na Mtaro wa Soko la Mkalole

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko njiani kushuka ziwani, mwombe dereva aongeze sauti. Leo tunamkumbuka Mama Emerensiana Ndunguru wa Mkalole, senta ile ndogo unayoipita ukitoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Alifariki wiki iliyopita. Tumemzika Jumatano, mvua ikinyesha. Hiyo mvua muikumbuke, tutairudia.

Mama Emerensiana alikuwa mwenyekiti wa kamati ya soko. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na shamba la kahawa, mabuti ya mpira ya kijani, na mdomo usiojua kunyamaza. Alitaka kitu kimoja tu: soko lenye mtaro wa kutoa maji.

Soko la Mkalole liko bondeni, milima imelizunguka. Masika yakianza, maji yote ya milimani yalikuja kupumzika hapo. Watu wakawa na mtindo wao. Ukifika ukingoni mwa uwanja unainama, unavua viatu, unavishika mkononi, unavuka kwenye tope. Mzee anavua, mwalimu anavua, hata bibi harusi anavua. Akina mama wanaotuletea usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, walitandika bidhaa zao juu ya magogo.

Sasa, mara ya kwanza Mama alikosea. Ninalisema kwa sababu mwenyewe alipenda kulisema. Alikuwa Mmatengo wa kulelewa kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili maji yaingie ardhini yasibebe udongo. Akawaambia watu, ngolo zimetulisha tangu enzi za mababu, zitashindwaje na soko? Watu wakachanga, wakachimba. Wanaume wakalaza majani, wanawake wakafukua udongo, kama shambani. Hakuna aliyepinga. Nani apinge ngolo Umatengoni?

Kumbe mlimani maji yana pa kwenda, bondeni hayana. Mvua ya kwanza ikayajaza mashimo, ya pili ikayaunganisha. Soko likawa bwawa. Beseni la usipa la Benadetha, mchuuzi kutoka Liuli, likaelea likaenda zake. Vyura walilia mpaka padri akapandisha sauti altareni. Michango ya watu ikawa imezama.

Binti yake, Hedwiga, anakumbuka vizuri. "Mama hakula, hakulala. Kuchekwa hakukumsumbua. Aliniambia, 'Hedwiga, nimeharibu soko, hilo linatengenezeka. Nimeharibu kuchanga. Hawa hawatachanga tena, hata wajukuu zao.'"

Alifanya nini? Aliita sengu. Kwa msiotoka huku, sengu ni desturi ya ukoo kula pamoja. Kila nyumba inaleta chungu chake, na shauri linazungumzwa watu wakishashiba. Yeye akaita sengu la senta nzima, hadi wauza usipa. Watu wakala ugali na maharage. Kisha akasimama na mabuti yake.

"Nilikosea," akasema. "Nililipeleka shamba sokoni. Sasa tumwite fundi wa maji atupimie mtaro wa kweli. Utachukua misimu mingi, sitawadanganya. Kila nyumba debe la kahawa kila mavuno. Na kila mwaka tutakula hapa hapa, mniulize kilichofanyika."

Kilian, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanyoosha mkono. "Shikamoo mama. Kwa hiyo tunachimba tena?"

"Marahaba mwanangu. Safari hii tunachimba mpaka mtoni."

Misimu ikapita. Bei ya kahawa ilipoanguka, watu walileta nusu debe. Wauza usipa, wasio na kahawa, walibeba mawe na kuwapikia wachimbaji. Halmashauri ilipoona mtaro umefika nusu, ikaongeza saruji na makalavati. Ndipo Kilian akaja na wazo lake: mfuko wa michango ulikuwa unatosha paa. Paa la bati la rangi, linaloonekana tangu barabarani.

"Mama, mgeni akija tutamwonyesha nini? Mfereji?"

Wengi walimuunga mkono, na kusema ukweli, paa linavutia. Mama akamtazama. "Kilian, ukiezeka bwawa unapata bwawa lenye kivuli."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mtaro ukaendelea. Lakini Kilian alichukia. Hakula tena sengu. Debe lake lilikuja kila msimu, likibebwa na mkewe. Yeye mwenyewe hakuja.

Mtaro ulifika mtoni mwishoni mwa kiangazi kilichopita. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa. Mvua za mwanzo zilimkuta amelazwa, na kila wingu likitanda alimpigia Hedwiga simu. Maji yamepita? Hedwiga anamjibu, yamepita, mama. "Hizo rasharasha tu," Mama anasema. "Subiri mvua yenyewe."

Mvua yenyewe ilikuja Jumatano. Ilikuja na jeneza.

Njia ya kutoka kanisani kwenda makaburini inakatiza sokoni. Mvua ilikuwa ya kumwaga. Kati ya waliobeba jeneza, mbele kabisa, alikuwa Kilian. Walipofika ukingoni mwa uwanja, umati mzima ukafanya kile ulichokizoea: ukainama, ukavua viatu. Wabebaji nao wakasimama, wakavua, mmoja mmoja.

Ndipo wakatazama chini. Uwanja ulikuwa umelowa tu. Tope hakuna. Pembeni, maji ya milima yote yalikuwa yanakimbia mtaroni kwenda mtoni.

Watu wakabaki wamesimama, viatu mkononi. Kilian ndiye aliyeanza kulia. "Tulivuka hivyo hivyo, pekupeku," anasema Hedwiga. "Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvivaa."

Makaburini Kilian alisema maneno machache tu. "Paa bado. Msimu ujao debe langu nalileta mwenyewe, na nitakula."

Hedwiga, ndugu wa ukoo wa Ndunguru, na wana Mkalole wote, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi. Bwana ametoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mna senta zenu, na mna jambo ambalo kila mmoja anaona litachukua muda mrefu mno. Kama mvua inanyesha hapo ulipo, toka kidogo barazani. Tazama maji ya mtaani kwenu yanaelekea wapi.