Picha Sabini na Mbili za Dirisha Moja

Mgeni rasmi, kitendawili! Ukisema "tega", natega: Tumemla mkubwa wetu, tumebaki na bakuli. Usijibu sasa, kaa nacho mfukoni.

Karibu sana. Sisi ni waponda kokoto kumi na mmoja wa hapa kilimani. Mimi bibi yao, niliyeishia shule ya msingi, nimepewa karatasi kwa kuwa wenzangu wanasema sauti zao zinatetemeka. Yangu pia inatetemeka, ila mimi nasingizia uzee.

TULIKOTOKA
Mkwe wangu, fundi simu, alituletea kamera iliyokataliwa na mteja. Tukaiweka kwenye dirisha la jiko langu, tukakipiga kilima picha kila tarehe mosi, miaka sita. Tumezoea kupiga mawe, tukadhani kupiga picha ni kupumzisha mikono. Kumbe picha nayo hukupiga.

TULICHOFANIKIWA
Picha zote ziko ukutani, nyuma yako. Siku ya kuzibandika tulikosea, tukaanza na ya mwisho. Fundi cherehani akapita, akapiga kelele, "Jamani, kilima chenu kinaota!" Tulicheka mpaka gundi ikakauka. Kisha tukazitazama tena. Hatukuzipanga upya. Wiki ile ile tulipanda miche ukingoni mwa shimo; arobaini imeshika.

KINACHOTUKWAMISHA
Kimebaki nusu kilima, na chemchemi tunayochota iko chini ya nusu hiyo. Kibali cha kuchimba kinaisha leo. Mwenye kibali ni shemeji yangu, tunamwita Baruti. Fomu ya kukihuisha iko mezani pako, haina sahihi. Kila tukimuuliza kama atasaini, anakohoa.

"Shemeji, ni kifua au ni swali?"

"Ni vumbi."

Hatumlaumu peke yake. Nyundo tulishika sote.

TUNACHOOMBA
Nusu hiyo iachwe. Na tupewe kitalu cha miche, maana mikono hii haijui kukaa bure.

Mungu akurudishe salama, uwakute wote nyumbani wazima.

Ni sisi,
Kikundi cha Dirisha la Jiko

Mgeni rasmi, risala ilikuwa inaishia hapo. Ila asubuhi hii, nilipokuwa nawasomea wenzangu kwa majaribio, Baruti alisimama mbele ya picha, akazifuata kwa kidole moja moja mpaka kilima kikawa kizima. Nikamuuliza tena. Hakukohoa. Akasema niyaandike haya hapa chini, kama alivyoyasema:

"Mkubwa ni kilima, shemeji, na bakuli ni lile shimo langu. Limetosha. Sisaini. Kiacheni kiote."